Kiti Kisichosogea

Siku ambayo Sindano alipata ruhusa ya baba yake kuolewa na Milimita ndiyo siku hiyo hiyo aliyompoteza Milimita. Yote mawili yalitokea Jumamosi asubuhi, uani kwao, mbele ya pikapu ambayo haikuwa imeng'aa namna ile tangu itoke kiwandani.

Tuanze na pikapu, maana wenyewe walianzia hapo.

Ilikuwa gari la Mzee, baba yake Sindano, dereva wa safari ndefu aliyestaafu baada ya nyonga kumgomea. Pikapu kubwa kweli, ya zile zenye bodi ndefu nyuma na pua pana mbele, zinazofanya magari mengine ya mtaa yaonekane ya kuchezea. Miaka sita ilikaa uani ikitazama ukuta, matairi yamelala, kuku wa jirani wakitaga kwenye kiti cha abiria. Kisha Sindano, ambaye kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, akapata wazo la kuigeuza karakana ya kutembea. Badala ya wateja kumletea viti, yeye angewafuata na cherehani yake. Mzee akasema mchukue, kama utaweza kumfufua. Ndipo akaitwa fundi.

Fundi alikuja siku ya kwanza na futi ya chuma kiunoni, akaipima pikapu nzima kabla hajauliza hata habari za hapa. Shangazi, dada yake Mzee, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, akamwuliza kama amekuja kutengeneza gari au kulishonea suti. Fundi akajibu bila kucheka kwamba suti ikizidi milimita tano bado inavaliwa, lakini breki haina uungwana huo. Tangu siku hiyo akawa Milimita, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelihitaji tena. Sindano yeye jina lake alikuwa nalo zamani. Wengine walisema ni kwa sababu ya sindano alizozoea kuzichomeka kwenye ukosi wa shati, wengine walisema ni ule ulimi.

Miezi kumi na moja walilishughulikia gari hilo, kila jioni na kila Jumamosi kutwa. Milimita aliongeza springi za nyuma ili bodi isilale ikibeba mzigo, akaiinua, akaivalisha matairi mapana na madigadi mapya ya kuyafunika. Akabadilisha breki zote. Akachomelea bampa la nyuma la bomba nene, akalipaka rangi mara tatu. Ndani ya bodi alijenga droo za chuma, meza ya cherehani inayokunjwa, betri ya pili ya kuendesha mota, na juu ya yote hayo paa lenye madirisha. Sindano alishona viti vya mbele upya, mshono wa nyuzi mbili, ngozi ya rangi ya udongo. Na katikati ya shughuli hiyo wakapendana, tena wakapendana kwelikweli, hata majirani wakaacha kusengenya kwa kukosa la kuongeza.

Mpango wao ulikuwa mwepesi. Milimita aendeshe, Sindano ashone. Walibishana mara moja tu, pale Sindano alipotaka gari lifungwe kamera ya kutazamia nyuma.

"Kamera ya nini?" Milimita alimwambia. "Mimi si nipo? Nitashuka, nitasimama nyuma, nikuongoze."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwa wapi?"

Kamera haikununuliwa. Kilichobaki kikawa ni neno la Mzee, na Mzee alikuwa amelikalia neno hilo miezi mitano.

Basi Jumamosi hiyo Mzee alitoka ndani na fimbo yake, amevaa shati la kutokea. Sindano alikuwa anakata uzi wa mwisho kwenye kiti cha abiria. Milimita alikuwa anafuta kioo cha mbele, kioo ambacho tayari alikuwa amekifuta mara mbili.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Acheni hayo mnayofanya. Nina neno."

"Litoe, kaka," Shangazi alisema kutoka kibarazani. "Litoe kabla halijaota mvi."

Mzee hakumjali. Alimtazama fundi.

"Juzi nilikuwa dirishani. Wewe ulikuwa na tupa, unasugua kona za zile droo. Nikasema moyoni, huyu anapoteza muda, kona ya chuma ni kona ya chuma. Halafu nikaona unapitisha mkono wako mtupu pale, huku ndani penye ngozi laini. Ikikukwaruza, unasugua tena. Kona zote. Ulichukua alasiri nzima."

"Si kwa sababu ya huyu binti yako asiyetazama anakotembea," Shangazi alidakia. "Miguu yote makovu."

"Najua. Ndiyo hilo ninalosema." Mzee alikohoa, akaegemea fimbo. "Nimeendesha magari miaka thelathini na sijawahi kusuguliwa kona na mtu. Nimewaza usiku wote. Milimita, yale tuliyozungumza mimi na wewe nimeyafuta. Nimekubali. Muoane."

Shangazi alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichofika mtaa wa tatu. Sindano aliruka chini akaenda kumkumbatia baba yake, akamkumbatia na fimbo yake pamoja, akacheka. Miezi mitano alikuwa akilala na swali moja, akiamka nalo. Aligeuka kumtazama mtu wake.

Milimita alikuwa bado ameshika kitambaa. Alikuwa anakitazama kile kitambaa.

"Asante, mzee," alisema, polepole mno.

"Yapi hayo mliyozungumza?" Sindano aliuliza.

"Ya wanaume," Mzee alisema. "Yamekwisha. Ngoja kwanza nipande, nione kama bado ananikumbuka."

Mzee alikuwa mrefu, na Milimita alikuwa mrefu kuliko yeye. Sindano alirithi ufupi wa mama yake. Akisimama kando ya mlango wa pikapu hiyo iliyoinuliwa, haoni paa lake mpaka arudi hatua tatu nyuma. Mzee alijivuta juu kwa mkono mmoja, akaketi kwenye kiti cha dereva, na magoti yake yakagonga usukani. Alijaribu kuyapeleka kushoto. Alijaribu kulia. Akainama akapapasa chini ya kiti akitafuta mkono wa kukisogezea.

"Milimita, hiki kinasogezwa wapi?"

"Hakisogei, mzee."

"Kimekwama?"

"Nimekichomelea."

Sindano alicheka. Wa kwanza kucheka ni yeye, na baadaye hilo lilimuuma kuliko mengine.

"Leo umekosea," alisema. "Leo nimekupata. Si uliniambia utaweka reli za kuteleza, kiti kiende mbele nikikaa mimi, kirudi nyuma ukikaa wewe na hiyo miguu yako? Baba, shuka. Shuka nione alivyoharibu."

Mzee alishuka. Sindano akapanda, akaketi.

Kilimkaa. Mguu wa kushoto ulikanyaga klachi mpaka chini bila kunyooka kabisa. Viwiko vilikunjika vizuri, mkono ulifika kwenye gia bila bega kuondoka kwenye mgongo wa kiti. Hakuna mahali palipobana wala palipopwaya. Ndipo akakumbuka ile jioni Milimita alipomkalisha kwenye kreti, akamwambia afumbe macho, akanyage pedeli ambazo hazipo, naye akampima kutoka nyongani mpaka gotini, kutoka gotini mpaka kisiginoni, kutoka begani mpaka kiganjani. Sindano alidhani ni mahaba. Na kweli yalikuwa mahaba, ila hakujua ni ya mtu anayeaga.

Milimita hakosei vipimo. Mtaa mzima ulijua hivyo.

"Wewe utakaa wapi?" alimwuliza kupitia mlango uliokuwa wazi.

Milimita alikunja kitambaa mara mbili.

"Nakuuliza. Umekipima kiti kwa ajili yangu, ukakichomelea. Wewe utakaa wapi?"

"Nilimwambia mimi." Ilikuwa sauti ya Mzee. Alikuwa ameshika ukingo wa bodi kama mtu aliyekanyaga utelezi. "Miezi mitatu iliyopita. Ulikuwa umekwenda kununua ngozi. Nilimwomba amalize gari, halafu akuache."

Kibarazani Shangazi aliweka ungo chini.

"Baba."

"Nilimwomba, sikumfukuza. Nilimwambia mama yako alivyokufa hapa ndani nami niko barabarani na mzigo wa watu, nikafika mmeshamzika. Nikamwambia sitaki uolewe na mtu wa barabara. Nikamwambia kama anakupenda kweli ataelewa." Alimgeukia Milimita. "Lakini si nimesema nimeyafuta? Mwanangu, nimekuachia. Kata hizo reli, weka nyingine. Kazi ya siku moja."

"Siyo reli, mzee," Milimita alisema.

"Ni nini basi?"

"Nilikupa neno langu. Nilivyokupa, nikaenda nikafanya." Aliweka kitambaa juu ya boneti. "Mjomba wangu ameshapeleka posa kwingine. Wamekubali. Siku imepangwa."

Jirani alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta, na sauti ya maji ilisikika vizuri kabisa. Mwishowe Shangazi alikuja akamshika kaka yake mkono.

"Twende ndani," alimwambia. "Umeshasema ya kutosha mwaka huu."

Wakabaki wawili. Sindano hakushuka.

"Posa ilikwenda lini?" aliuliza.

"Mwezi uliopita. Mama alinitajia tena yule dada aliyekuwa akimtaja siku zote. Nikamwambia sawa."

"Mwezi uliopita. Kwa hiyo ile jioni tuliyokaa hapo bodini, miguu inaning'inia, ukaniambia taa za ndani zitakuwa za manjano ili macho yangu yasichoke, ulikuwa umeshaposa."

"Ndiyo."

"Ukanishika mkono."

"Ndiyo."

Alikuwa anajibu kama alivyokuwa akisoma futi, bila kupunguza, na Sindano alitamani angalau adanganye kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzee aliniita mwanangu. Alilia, Sindano. Sijawahi kuona mtu mzima wa umri ule analia mbele yangu. Aliposema hataki uishi maisha ya kusikiliza mlio wa gari, nikaona ana haki."

"Haki gani? Mama ndiye aliyekuwa nyumbani akisikiliza. Mimi ningekuwa ndani ya gari. Tungekwenda pamoja." Alionyesha nyumba kwa kidevu. "Baba hakuliona hilo. Sawa, ana kidonda chake kinamziba macho. Lakini wewe? Wewe uliyejenga meza yangu humo nyuma kwa mikono yako, ukajua nitakaa wapi, nitatazama wapi, wewe nawe hukuliona?"

Milimita aligeuka akaitazama meza ile.

"Umenipima goti. Umenipima bega. Umenipima mpaka kimo cha macho. Kitu kimoja tu kilikushinda, kuniuliza."

"Niliogopa ningekuuliza nisingeondoka."

"Si ndiyo maana ya kuuliza?"

Alikuwa analia sasa, kimya kimya, bila kujifuta. Milimita alisogea mpaka kwenye mlango wa gari, akaweka mkono kwenye ukingo wa kiti, karibu na goti lake lakini bila kuligusa. Mkono ule ulikuwa na mikwaruzo mipya upande wa ndani. Sindano aliitazama mikwaruzo hiyo na akaona hawezi kumchukia, na hilo nalo likamuongezea uchungu.

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikukuuliza hivyo."

"Najua hukuniuliza hivyo." Alitoa simu mfukoni. "Sema neno moja. Nampigia mjomba sasa hivi, mbele yako. Sema tu."

Neno lilimjaa Sindano mdomoni. Lilikuwa neno dogo, na kila kiungo chake kilikuwa kinalitaka litoke. Angelisema, wangekata reli, wangeweka nyingine, na Jumatatu wangekuwa barabarani.

"Huyo dada anajua kuna mimi?"

"Hajui."

"Anafanya kazi gani?"

"Anafundisha watoto wadogo."

"Amefurahi?"

Milimita aliinamisha kichwa. "Mama anasema ameshawaambia wanafunzi wake. Wamemchorea kadi."

Sindano alifumba macho. Aliliona darasa, meza fupi fupi, penseli za rangi, mwanamke asiyemjua akisimama katikati ya watoto na kadi mkononi. Hakuwa na kosa lolote mwanamke yule. Yeye pia alipimwa, akakatiwa nguo bila kuulizwa, kama Sindano tu.

"Hapana," alisema. "Uliposema ndiyo hukuniuliza. Leo usitake mimi nikusemee hapana. Kama unataka kuvunja, vunja mwenyewe. Namba unayo."

Akasubiri. Msomaji wangu, alisubiri kwa moyo wote. Alimwomba Mungu, akaahidi mambo ambayo hata asingeweza kuyatimiza. Aliona kidole gumba cha Milimita kikiwa juu ya simu, akaona kioo cha simu kikiwaka, kikafifia, kikazimika. Milimita hakukiwasha tena. Aliirudisha mfukoni taratibu.

"Siwezi," alisema. "Si kwamba sitaki."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akatazama saa.

"Mteja ananisubiri saa nne. Ukumbi mzima wa viti."

"Leo?"

"Si nilikuambia? Nikakuuliza kama tutakwenda."

"Nikakujibu litakuwa tayari."

Sindano alirudisha kumbukumbu nyuma, na kweli. Alikuwa ameuliza "tutakwenda?" naye akajibu "litakuwa tayari." Mwezi mzima alikuwa amejibiwa hivyo, maneno yaliyokatwa sawasawa ili yasiwe uongo, na yeye akayavaa bila kuona mshono.

Aliwasha gari. Pikapu ilinguruma mara moja, ikatulia, mlio laini usiokuwa na kasoro.

"Vioo," Milimita alisema.

"Viache."

"Haviwezi kupangwa bila wewe kukaa hapo. Vimebaki vioo tu."

Hakukataa tena, naye akachukulia hivyo kuwa ruhusa. Alilegeza nati ya kioo cha pembeni, akaenda hatua kumi nyuma mpaka langoni, akasimama.

"Unaniona?"

"Kichwa."

Akarudi, akasogeza kioo kidogo kwa kidole kimoja, akaenda tena.

"Na sasa?"

"Nakuona."

"Mwili mzima?"

"Mwili mzima."

Akaja akakaza nati. Uso wake ulikuwa karibu sana na wa Sindano, kioo tu katikati, na kwa muda ule wote hakunyanyua macho. Kisha akafanya cha upande wa pili vivyo hivyo.

Sasa sikiliza jinsi lango lilivyokuwa. Pikapu iliingia uani ikivutwa, pua mbele, enzi za matairi membamba. Kwa matairi haya mapya na madigadi yake, nafasi iliyobaki langoni ilikuwa vidole vinne kila upande. Na ng'ambo ya barabara, sawa kabisa na lango, palikuwa na nguzo ya chuma ya taa. Ilibidi gari litoke kinyumenyume, lisimame kabla ya nguzo, ndipo likate kona. Milimita alishapiga hesabu ya jambo hilo tangu mwezi wa kwanza. Aliwahi kumwambia Sindano kwamba siku gari litakapotoka, yeye asitazame kitu, amsikilize tu.

Mzee na Shangazi walikuwa wametoka tena kibarazani.

"Mwanangu," Mzee aliita.

Sindano alimtazama baba yake, akamwona amezeeka kwa saa moja.

"Nitarudi jioni, baba. Sijui nitakuambia nini, lakini nitarudi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaketi.

Milimita alienda nyuma, akasimama barabarani, upande ambao kioo kilimwonyesha mwili mzima. Aliinua mikono miwili.

"Haya," alisema. "Rudi."

Ndivyo wanavyosema wote wanaoongoza gari, hakuna neno jingine. Sindano alilisikia tangu utotoni, watu wakimwongoza baba yake kutoa malori, na hakuwahi kulifikiria mara mbili. Akaweka gia, akaachia klachi. Pikapu ikaanza kutambaa.

"Rudi. Rudi. Nyoosha. Hivyo hivyo. Rudi."

Bampa lilipita langoni. Droo zilipita, na kona zake zilizosuguliwa, na meza, na betri, na taa za manjano. Vidole vinne huku, vidole vinne huku.

"Kata kulia kidogo. Nyoosha. Rudi."

Sauti yake ilikuwa ya kazi mwanzoni. Milango ya mbele ilipofika langoni ilianza kubadilika. Sindano aliisikia ikipungua ukali, ikawa si ya kuongoza tena.

"Rudi," Milimita alisema. "Rudi. Rudi, Sindano."

Pua ya pikapu ilikuwa imeshatoka yote. Mikono yake ilikuwa bado hewani, vidole vikiita.

"Rudi."

Chuma kiligonga chuma. Si kwa nguvu, lakini mtaa mzima ulisikia, na taa ya juu ya nguzo ilitikisika.

Shangazi alikuwa wa kwanza kufika langoni, Mzee akifuata na fimbo.

"Milimita," Mzee alisema, kwa mshangao wa dereva wa miaka thelathini. "Hukuiona nguzo?"

"Niliiona, mzee."

"Sasa mbona hukusema simama?"

Milimita alishusha mikono. Sindano hakuulizwa na mtu, lakini naye alikuwa ameiona. Aliiona ikikua kwenye kioo kilichopangwa vizuri kuliko vyote alivyowahi kutumia, mguu wake ukiwa juu ya breki, umefika bila shida. Alikuwa anangoja aambiwe asimame. Kama angeambiwa, angejua yamekwisha kweli.

Milimita alichuchumaa nyuma ya gari. Bampa lilikuwa limebonyea katikati, bonde la ukubwa wa kiganja, na rangi ya mara tatu imebanduka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kiunoni, ukatoa futi.

"Usipime," Sindano alisema kutoka dirishani.

Mkono ukasimama.

"Nitalinyoosha. Nipe nusu saa tu, nilete—"

"Usiliguse. Hilo ni langu."

Alibaki amechuchumaa pale barabarani na futi mkononi, imefunguka kidogo, haijapima kitu. Sindano aliweka gia ya kwanza. Alimwona mwili mzima kwenye kioo, kama walivyopanga, akizidi kuwa mdogo mpaka kona.

Baada ya kona kulikuwa na barabara ndefu iliyonyooka. Usukani ulikuwa mwepesi, breki zilishika, mgongo ulikaa mahali pake na miguu ilifika. Kila kitu ndani ya gari kilimfaa. Hapo ndipo Sindano alipolia kwa sauti.